Kubadilisha Altaneta ya Pikapu Nyumbani: Somo la Ufundi Kutoka Nechells

Kwa wale wasiopajua, Nechells ni mtaa wa Birmingham ulio upande wa kaskazini-mashariki wa katikati ya jiji, mwendo wa miguu tu kutoka Chuo Kikuu cha Aston. Ni mtaa wa kazi: nyumba za matofali mekundu zilizobanana, mfereji wa zamani wa kupitishia mashua za mizigo, karakana na yadi za magari. Ndipo mahali ambapo tarehe 10 Februari 1972 maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya Birmingham waliandamana kuwaunga mkono wachimba makaa na kufungisha geti la ghala la Saltley. Mimi nakaa hapa kwa mjomba wangu, na somo la leo limetokea mbele ya mlango wake.

Mjomba ana pikapu, Toyota Hilux ya dizeli, lita 2.4, ya miaka ya tisini. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki waliowahi kuhama chumba hapa Birmingham wanaifahamu, maana mjomba hamtozi mtu hela. Anasema tu, "Niwekee mafuta, tuondoke."

Alhamisi moja ya mwezi wa Januari alirudi kazini saa kumi na mbili jioni, giza limeshaingia zamani, na taa za mbele zinawaka kama koroboi. Taa nyekundu yenye picha ya betri pale kwenye dashibodi ilikuwa inawaka tangu asubuhi. Sasa tatizo ni kwamba Jumamosi saa sita mchana tulikuwa tumeahidi kumhamisha dada mmoja kutoka Kenya, mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye mtoto mdogo, ambaye mkataba wake wa nyumba ulikuwa unakwisha saa hiyohiyo. Gereji tuliyoipigia simu ikasema nafasi ipo Jumatano. Mjomba akanitazama. "Si unasoma uhandisi wewe? Ada tunazolipa, leo ndiyo siku yake."

Naandika haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu tukiwa ughaibuni tunanunua magari ya zamani kwa bei ya mwanafunzi, na ufundi wa saa moja gereji unaweza kumaliza posho ya wiki nzima. Ya pili, mimi na mjomba tulifanya makosa mawili, na moja lingeweza kuua mtu. Afadhali ujifunze kwetu.

ALTANETA NI KITU GANI HASA?

Wengi tunaamini gari linatembea kwa betri. Si hivyo. Betri kazi yake kubwa ni kuzungusha stata, jambo la sekunde chache. Injini ikishawaka, umeme wa taa, wipa, feni ya joto na redio unatoka kwenye altaneta, na altaneta hiyohiyo inairudishia betri kile ilichotumia.

Kanuni yake aliigundua Michael Faraday mwaka 1831 jijini London: sumaku ikipita karibu na koili ya waya, umeme unazaliwa ndani ya waya ule. Ndani ya altaneta kuna rota, ambayo ni koili inayogeuka sumaku pale inapopewa umeme kidogo kupitia vipande viwili vya kaboni. Mkanda wa injini unaizungusha rota katikati ya koili tatu zilizotulia, ziitwazo steta. Umeme unaotoka hapo ni wa mkondo geu, yaani unakwenda na kurudi, wakati betri inataka mkondo mnyoofu. Ndiyo maana kuna dayodi, ambazo ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu: umeme unatoka, haurudi. Mwisho kuna rigyuleta, ambayo inapunguza au kuongeza umeme wa rota ili volti zisipande ovyo injini inapokimbia.

Zamani magari yalitumia dinamo. Dinamo ilikuwa mvivu injini ikiwa taratibu, kwa hiyo kwenye foleni usiku betri ilikuwa inaliwa. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 watengenezaji wa Uingereza wakahamia kwenye altaneta. Na hapa Birmingham ndipo kilipokuwa kitovu cha biashara hiyo. Joseph Lucas alianza kwa kuuza taa katika karne ya 19, na kampuni yake ikaja kuwa na kiwanda kikubwa Great King Street, mtaa wa Hockley, kilichotengeneza taa, stata, dinamo na baadaye altaneta. Zile Landrova zilizoanza kutengenezwa Solihull mwaka 1948, zikajaa kwetu kwenye mbuga na ofisi za serikali, zilibeba vifaa vya Lucas. Waingereza wenyewe walimtania Lucas kwa jina la "Mkuu wa Giza", kwa jinsi taa zake zilivyokuwa na tabia ya kuzimika.

Hesabu kidogo, maana sisi ni wasomi. Taa kubwa mbili za wati 55 ni wati 110. Ongeza taa ndogo za nyuma, wipa na feni ya joto, tuseme jumla wati 300. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 25. Betri ya ampea 70 kwa saa ikibaki peke yake bila altaneta, kwa karatasi inakupa saa tatu pungufu kidogo. Kwa kweli taa zinafifia mapema zaidi, hasa kwenye baridi. Kwa hiyo taa nyekundu ikiwaka ukiwa njiani, zima redio, zima feni ya joto, nenda nyumbani moja kwa moja. Na usizime injini njiani, maana huenda isiwake tena. Dizeli ya kizamani kama hii yetu inahitaji umeme kidogo sana ili iendelee kuunguruma, ndiyo maana mjomba alifika. Gari la petroli au dizeli ya kisasa yenye kompyuta lingemwacha barabarani.

USIIHUKUMU ALTANETA BILA USHAHIDI

Ijumaa asubuhi nilikuwa tayari nimeshika spana. Jirani yetu wa mlango wa pili, bibi wa Kijamaika ambaye ujanani alifanya kazi Lucas kwenye meza ya kusuka koili, akatoka na kikombe chake cha chai. Akaniambia, "Mwanangu, weka spana chini. Tazama mkanda, tazama waya, halafu nusa." Namshukuru mpaka leo, maana watu wengi wananunua altaneta mpya kumbe ugonjwa ulikuwa mkanda uliolegea.

Basi fuata utaratibu huu. Unahitaji kile kipima umeme cha kawaida, ambacho madukani ni bei ya chakula cha mchana tu.

Kwanza, mkanda. Upo? Una nyufa? Umelegea? Ukipiga kelele kama panya asubuhi, unateleza.

Pili, betri ikiwa imetulia, injini imezimwa. Betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imefika nusu. Chini ya 12 ni karibu tupu. Yetu ilisoma 11.8.

Tatu, pima waya mnene ulioko nyuma ya altaneta, injini ikiwa bado imezimwa. Waya huo umeunganishwa na betri muda wote, kwa hiyo unatakiwa usome sawa na betri. Ukisoma sifuri, fyuzi kubwa ya njiani imeungua na huenda altaneta haina kosa lolote. Wetu ulisoma 11.8, safi.

Nne, washa swichi bila kuwasha injini. Taa nyekundu ya betri inatakiwa iwake. Katika magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye kitaa hicho ndio unaoiamsha rota. Kitaa kikiungua, altaneta inaweza kulala usingizi ingawa ni nzima.

Tano, washa injini na upime betri tena. Altaneta nzima inatoa kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikizidi 15, rigyuleta imekufa na betri itachemka. Sisi tuliazima chaji kwa jirani, injini ikawaka, kipimo kikasoma 11.9, halafu 11.8, halafu 11.7. Kinashuka tu. Ushahidi umekamilika.

Sita, nusa. Bibi aliinamisha pua kwenye boneti akasema, "Vanishi imeungua." Koili za altaneta zimepakwa vanishi ili nyaya zisigusane, na ikiungua inatoa harufu kali ambayo ukishaisikia mara moja huisahau.

Na hapa nataka kupiga marufuku mchezo mmoja. Mafundi wengi mitaani kwetu hupima altaneta kwa kung'oa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma. Ikiendelea kuunguruma wanasema altaneta ni nzima. Mchezo huu ni urithi wa enzi za dinamo. Kwenye altaneta, betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiing'oa ghafla, volti zinaruka juu na kuua dayodi, rigyuleta, hata redio yako. Tena kwa dizeli ya zamani kipimo hicho hakisemi kitu, maana injini haihitaji umeme mwingi hata hivyo. Usifanye, na usimruhusu mtu akufanyie.

KOSA LA KWANZA: BEI NDOGO, HASARA KUBWA

Mjomba aliishi Dar es Salaam miaka mingi na anajivunia kujua kununua spea. Gerezani na Ilala, kote alishapita. Wakati mimi napima, yeye akapigia yadi moja ya magari mabovu akaenda kuchukua altaneta ya mtumba, pauni 25. Akarudi anatabasamu.

Nikaziweka mbili sambamba kwenye kipande cha boksi, ya zamani kwa macho tu ikiwa bado kwenye injini. Umbo lile lile, masikio ya kufungia yale yale. Lakini ya zamani ilikuwa na kitu kama kopo dogo mgongoni, na mabomba matatu yakiingia na kutoka. Ile ya mtumba ilikuwa bapa, haina kopo. Ilikuwa imetoka kwenye Hilux ya petroli.

"Funga tu," mjomba akasema. "Sisi si tunataka umeme?"

Hapo ndipo moyo wa somo hili ulipo. Kopo lile ni pampu ya kunyonya hewa, na inafanya kazi ya breki. Gari la petroli lina kilango kinachobana hewa inayoingia kwenye injini, kwa hiyo injini yenyewe inapata nguvu ya kunyonya, na nguvu hiyo ndiyo inayoisaidia busta ya breki kukusukumia kanyagio. Dizeli kama hii haina mbano huo. Kwa hiyo watengenezaji wanaweka pampu ya pekee, na katika pikapu nyingi za dizeli za Kijapani za enzi zile, Toyota, Isuzu, Mitsubishi, pampu hiyo wameiweka mgongoni mwa altaneta, inazungushwa na ekseli hiyohiyo na kulainishwa na oili ya injini. Ukifunga altaneta isiyo na pampu, taa zitawaka vizuri kabisa, redio itaimba, na siku ya kwanza utakapokanyaga breki kwa nguvu, kanyagio litakuwa gumu kama jiwe. Breki hazipotei zote, lakini inabidi ukanyage kwa nguvu mara kadhaa zaidi ya ulivyozoea, na mtoto aliyekatiza barabara hatakusubiri uzoee.

Mjomba alinyamaza. Halafu akachukua funguo za gari la rafiki yake akairudisha ile altaneta. Alasiri akaja na nyingine, iliyofanyiwa ukarabati, yenye pampu. Iligharimu zaidi, ila hapa Uingereza ukinunua iliyokarabatiwa mara nyingi unalipa na amana, na ukirudisha ile mbovu unarudishiwa amana yako. Kwa hiyo usiitupe ya zamani.

Kabla ya kulipa, linganisha mambo haya: masikio ya kufungia, kipenyo cha puli na idadi ya mifereji yake, umbo la plagi na idadi ya pini, ampea zilizoandikwa kwenye kibati, na kama ni dizeli, pampu na mabomba yake. Kwenda na ile mbovu mkononi ni bora kuliko maelezo yote ya simu.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Vifaa: spana na soketi za milimita 10 hadi 17, bisibisi, koleo, tochi, matambara, washa mpya za shaba, chombo cha kukingia oili, na simu ya kupigia picha. Gari likae sehemu tambarare, handibreki imevutwa, injini imepoa.

1. Piga picha. Kila waya, kila bomba, kabla hujagusa kitu. Picha nne tano. Utaona umuhimu wake mbele.

2. Fungua betri, upande hasi kwanza. Hili si la kujadili. Ule waya mnene wa altaneta una umeme muda wote hata funguo ziwe mfukoni. Spana yako ikigusa waya huo na bodi kwa pamoja, cheche itakayotoka inaweza kuichomelea spana papo hapo, na pete yako ya ndoa pia. Vua pete na saa.

3. Legeza bolti ya kurekebisha mkanda, legeza na ile bolti ndefu ya chini, sukuma altaneta kuelekea injini, toa mkanda. Kwenye hii yetu mikanda ilikuwa miwili pacha. Mikanda pacha inabadilishwa yote kwa pamoja, usichanganye mpya na mzee, maana mpya ndio utakaobeba mzigo peke yake.

4. Chomoa plagi ndogo, halafu fungua nati ya waya mnene. Funika ncha ya waya kwa kitambaa.

5. Mabomba ya pampu. Ni matatu: moja jembamba la chuma linaloleta oili, moja la mpira linalorudisha oili kwenye injini, na moja la mpira linalokwenda kwenye busta ya breki. Kinga oili itakayodondoka. Mipira ya zamani ikigoma usiivute kwa hasira, izungushe kidogo kwanza. Ikiwa imepasuka au imekauka, nunua mipya.

6. Toa bolti ndefu huku mkono mmoja umeshika altaneta. Ni nzito kuliko unavyodhani, kilo kadhaa, na inapenda kuangukia vidole.

7. Kabla ya kuifunga mpya, mimina oili safi ya injini, kama kijiko kimoja, kwenye tundu la oili la pampu, halafu zungusha puli kwa mkono mara kadhaa. Pampu ikianza kavu inajila yenyewe.

8. Rudisha kwa mpangilio wa kinyume. Bolti ndefu kwanza, usiikaze sana bado. Bomba la oili na washa mpya za shaba, pande zote mbili. Washa za zamani zimeshabonyea, zitavuja, na hapa kuvuja maana yake ni oili ya injini kuisha barabarani. Mipira miwili na klipu zake. Waya mnene, kaza vizuri. Plagi, mpaka isikike imeshika.

9. Mkanda. Vuta altaneta nje kwa kutumia mti au mpini wa nyundo, usibonyeze kwenye mwili wa aluminiamu wala kwenye pampu. Kaza bolti zote. Bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya sehemu yake ndefu: ushuke kama milimita 10 hivi. Ukilegea utateleza, ukikazwa mno utaua beringi.

10. Rudisha betri, upande hasi mwisho. Na kama betri ilikuwa imekwisha kabisa, ichaji kwanza kwa chaja ya ndani usiku kucha. Kuiachia altaneta mpya kazi ya kufufua betri iliyokufa ni kuitesa siku yake ya kwanza kazini.

KOSA LA PILI: GIZA LA SAA KUMI NA MOJA

Tulimaliza saa kumi na moja jioni, giza totoro, mvua ya rasharasha, vidole havisikii kitu. Tukawasha injini. Taa nyekundu ikazimika. Nikapima: volti 14.2. Nikawasha taa zote na feni ya joto: 13.9. Mjomba akapiga makofi. Bibi wa jirani akainua kikombe dirishani. Mjomba akaingia upande wa dereva. "Tuzunguke mtaa kidogo tuijaribu."

Nilimwambia, "Mjomba, samahani, bado kipimo kimoja." Sikuwa na shaka yoyote, nilitaka tu kumaliza orodha yangu. Kipimo chenyewe ni hiki. Zima injini. Kanyaga breki mara tano sita mpaka kanyagio liwe gumu. Sasa acha mguu umekanyaga, washa injini. Busta ikipata nguvu ya kunyonya, kanyagio linazama kidogo chini ya mguu wako. Lisipozama, busta haina msaada.

Mjomba akakanyaga, akawasha. "Halijashuka," akasema.

Nilidhani ananitania. Akarudia. Halikushuka. Nikachukua tochi na zile picha za asubuhi, nikalinganisha bomba kwa bomba. Ule mpira wa kwenda kwenye busta ulikuwa umejificha nyuma, umelala kando ya bodi, haujaunganishwa na kitu. Mimi ndiye niliyeusahau. Niliyemhubiria mjomba habari za breki asubuhi nzima ndiye niliyeziacha zinaning'inia jioni. Na saa ile watoto wa mtaa walikuwa wanatoka msikitini na madukani, wanakatiza katikati ya magari bila kutazama.

Nikauunganisha, nikakaza klipu. Tukapima tena, kanyagio likazama taratibu kama linavyotakiwa. Tukaacha injini iungurume dakika kumi, tukamulika mabomba ya oili kutafuta uvujaji, tukazima, tukapima kiwango cha oili kwa kijiti na kuongeza kidogo iliyopotea. Ndipo tukazunguka mtaa, mwendo wa pole, tukajaribu breki mara tatu kabla ya kufika kona ya kwanza.

Kwa hiyo nakuomba, ukishafanya kazi hii usihesabu kwamba umemaliza taa nyekundu inapozimika. Umemaliza pale kanyagio la breki linapozama. Pima kabla gari halijasogea hata hatua moja.

NENO LA SHERIA

Nyumba nyingi za Nechells hazina uwanja, kwa hiyo kazi tuliifanya barabarani mbele ya mlango. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 kuhusu usafi wa mitaa inakataza kutengeneza magari barabarani kama biashara au kwa malipo, au kwa namna inayowaudhi majirani. Gari lililoharibika ghafla lina nafuu yake iwapo matengenezo yalikuwa ya lazima na yamefanyika ndani ya saa 72. Kwa vyovyote, usimwage oili barabarani, usizibe njia ya waenda kwa miguu, na waage majirani kwanza. Kikombe cha chai kwa jirani kinazuia simu nyingi kwenda halmashauri. Betri na oili iliyotumika usitupe kwenye pipa la nyumbani, vipeleke kituo cha taka cha manispaa.

Na kama umesoma mpaka hapa ukahisi mikono inatetemeka, hakuna aibu. Fanya vipimo vya mwanzo tu, halafu mpelekee fundi gari ukiwa unajua ugonjwa wake. Mteja anayesema "inasoma 11.8 injini ikiwaka, na waya mnene ni mzima" hadanganywi kirahisi.

Jumamosi saa tano na nusu asubuhi tulikuwa mlangoni kwa yule dada. Tulipakia kitanda, masufuria, vitabu maboksi manne na kiti cha mtoto. Saa sita kasorobo funguo zilikuwa mikononi mwa mwenye nyumba. Njiani kuelekea makazi mapya mjomba aliendesha kimya, na kila tukikaribia taa nyekundu za barabarani nilimwona akikanyaga breki mapema kidogo kuliko kawaida yake. Sikusema kitu. Na mimi mguu wangu ulikuwa unakanyaga sakafu upande wa abiria.

Mwenye swali, au mwenye gari lenye taa nyekundu, anione kwenye mkutano wa jumuiya. Aje na kipima umeme chake. Wasalaam, na mwendo mwema.